Kumtoa Mama Shamimu Kwenye Piko

Odette na Zaina, siku nilipowaachia funguo za saluni mliniuliza jinsi ya kumtoa mtu kwenye rangi nyeusi na kumpeleka kwenye rangi nyepesi bila kumwacha na upara. Pikipiki ilikuwa inaningoja nje, nikawajibu neno moja tu: polepole. Sasa viganja vyangu vimepumzika, hakuna anayenisubiri, na ninaweza kujibu kama inavyostahili. Msitegemee nieleze nilipanda cheo gani. Saluni ina vyeo viwili tu, anayesuka na anayefagia, na mimi nimekuwa vyote viwili ndani ya saa moja.

Kusuka nilijifunza Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi nilikokulia, tukiwa kwenye foleni ya bomba. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtu aliianza na nywele zilizotimka akafika bombani na mistari kumi na miwili imeshanyooka. Tuliporudi Burundi baba alikipata kipande chetu cha shamba Gishubi, na ndugu zangu wote wakashika jembe. Mimi nililishika msimu mmoja. Mihogo yangu iliota vizuri tu. Mimi ndiye niliyekuwa sioti. Msimu wa pili ulipokaribia nilipanda basi nikaenda Gitega mjini kumtafuta mtu wa kunifundisha.

Huyo mtu alikuwa Bi Mwajuma. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja katika mtaa wa Waswahili, chenye vioo viwili, kaski moja ya kukaushia iliyonguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na chuma cha kunyooshea nywele kilichowekwa kwenye jiko la mkaa siku ambazo umeme haupo, yaani siku nyingi. Nilidhani atanionyesha vitana. Badala yake alinionyesha kiti.

"We Mtanzania, kaa pale."

Nikakaa. Aliniosha kichwa kwa sabuni ya kufulia, akanifunga taulo bila kuisuuza sabuni, akaendelea na wateja wake. Nilikaa hivyo mpaka mchana. Aliporudi aliniuliza, "Unasikia nini?"

"Kunawasha, Bi Mwajuma."

"Wapi?"

"Nyuma ya masikio. Na kisogoni."

"Bon. Ndo pale utakuwa unasahau kusuuza."

Hilo ndilo lilikuwa somo la siku ya kwanza, na hakuna chuo ambacho kingelifundisha vizuri zaidi. Hakuwa mtu wa kusifu. Nikifanya vizuri alinyamaza, nikikosea alivuta pumzi puani, na nilijifunza kufanya kazi kwa kusikiliza pua yake. Bakuli la kuchanganyia dawa lilikuwa la plastiki, kamwe si la bati. Glavu zilifuliwa na kuanikwa kama nguo za mtoto. Saa ya ukutani, alisema, ni ya kuwatuliza wateja. Fundi anatazama unywele wenyewe, anafuta dawa kidogo kwa pamba yenye maji, anaona rangi imefika wapi, anarudishia dawa, anangoja tena.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya hapo hapo Gitega. Alikuja dada mmoja, karani, mwenye nywele zilizopakwa rangi nyeusi miaka kadhaa, akitaka ziwe za kahawia ya dhahabu. Bi Mwajuma alikuwa msibani. Nilikoroga unga wa kung'arisha na maji ya oksijeni, nikapaka kuanzia ngozini kwenda chini kama mtu anayepaka mafuta, nikajisikia fundi. Nilipofungua bomba ili nisuuze, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza. Nilikimbia nyumba tatu na bidoni tupu, dumu letu la maji. Mwishowe nilimsuuza kwa chupa za maji ya kunywa kutoka dukani, moja baada ya nyingine, naye akilia chini ya taulo. Mizizi ilikuwa imekuwa njano kama kifaranga, na ncha bado nyeusi tii.

Bi Mwajuma aliporudi alimtazama yule dada, akanitazama mimi, na safari hii pua haikutosha. "Maji mbele ya dawa," alisema. "Na kichwa iko na moto yake. Mizizi inaivaga mbele ya ncha. Utaanza na ncha, mizizi utaiweka ya mwisho." Yule dada alivaa perike, nywele za bandia, miezi mingi. Nilikuwa nikimwona sokoni napita upande wa pili wa barabara, na siwezi kusema nilikuwa na sababu nyingine huko upande wa pili.

Baadaye niliolewa na Gaspard, fundi seremala, tukahamia kwao Muyinga. Yeye alinitengenezea kabati na viti, mimi nikaning'iniza pazia mlangoni, saluni ikaanza. Siku za soko wanawake wa Gashoho walishuka na vikapu vyao, wakauza, kisha wakaja kunyoosha nywele kabla ya kupanda tena mlima. Wa Giteranyi walikuja kwa baiskeli, na hao ndio waliokuwa wakileta piko kutoka ng'ambo ya mpaka.

Piko mnaijua, lakini niieleze kwa atakayesoma baada yenu. Ni unga mweusi wa pakiti ndogo. Unakorogwa na maji. Wengine huchorea mikono ya bibi harusi, na wengine, hasa sisi wa kuficha mvi, huipaka kichwani. Ni nyeusi kweli kweli, na haibanduki. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo balaa yake.

Mama Shamimu alikuwa mteja wangu wa piko. Aliuza vitenge sokoni, mwanamke wa sauti kubwa na mikono myepesi, anayeweza kukukunjulia doti sita kabla hujamaliza kusema hutaki. Mvi zilimwanza kabla ya miaka thelathini. Nje alivaa mtandio siku zote, kwa hiyo kichwa chake kilionwa na watu wa nyumbani tu, na wao ndio hasa aliokuwa akiwaficha. Mumewe alikuwa mfanyabiashara, wiki mbili nyumbani, wiki nne njiani kati ya Giteranyi na Tanzania.

"Huko anakopita kuna wasichana," aliniambia mara ya kwanza. "Mi sitaki arudi akute bibi kizee. Kila wiki tatu, Skola, na siri ibaki kwa we na mi."

Nilimpaka piko kila wiki tatu kwa miaka kumi na zaidi. Kisha akaanza kujikuna. Alikaa kitini akasema, "Skola, leo inanichoma." Nami nikamwambia, "Ni kawaida, ndiyo dawa inafanya kazi." Sentensi hiyo niliisema mimi, kwa kinywa hiki, na niliendelea kuisema miaka miwili. Mimi niliyefundishwa siku ya kwanza kusikiliza kinachowasha nyuma ya masikio. Nimewahi kusema mambo mengi ya kijinga kwa wateja, hasa kuhusu waume zao, lakini hili ndilo pekee ninalolijutia.

Siku moja alivua mtandio nikaona paji la uso limevimba na ngozi nyuma ya masikio inatoa majimaji. Nikaliweka bakuli chini.

"Leo sipaki."

"Juu ya nini?"

"Ngozi yako imekataa, Mama Shamimu."

"Ngozi ni yangu. Mi nimeikubalia."

"Mimi sijaikubalia."

Alifunga mtandio wake akatoka bila kuaga. Kwa mwezi mzima akawa anapita upande ule mwingine wa soko. Nilijua atatafuta njia nyingine, ila sikujua ni ipi.

Niliijua asubuhi moja nilipokuwa nafungua pazia. Shamimu mwenyewe, binti yake mkubwa, alikuja mbio na kandambili mkononi.

"Da Skola, kuya! Mama haoni. Macho imefunga!"

Nilimkuta Mama Shamimu amekaa kitandani, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari miwili. Mezani kulikuwa na boksi la rangi, lenye picha ya mwanamke anayecheka, nywele zake za kahawia nyepesi. Alikuwa amefikiri hivi: piko nyeusi imemkataa, basi apake rangi nyepesi juu yake, nyeusi iende ikififia pole pole mpaka mvi zisionekane. Fikra yenyewe haikuwa mbaya. Lakini ile nyeusi haikusogea hata kidogo, vimizizi vyeupe viligeuka rangi ya karoti, na baada ya siku moja uso ukaanza kuvimba.

Jirani mwenye gari alitupeleka kituo cha afya. Muuguzi alimchoma sindano, akaniuliza amepaka nini, nikampa boksi na pakiti ya piko. Alivisoma vyote viwili taratibu.

"Hizi zote mbili, dawa yao ni moja," alisema. "Nyeusi au kahawia, mwili wake umeshaikataa. Leo imefunga macho. Siku nyingine inaweza kufunga koo. Asiiguse tena."

Nilikaa pembeni ya kitanda mpaka mchana. Uvimbe ulipoanza kushuka alinyoosha mkono, akapapasa.

"Skola?"

"Niko hapa."

"Ulisema ni kawaida."

"Nilisema. Nilikosea, na nilikosea muda mrefu."

Nilikuwa tayari kwa tusi lolote, na nilikuwa nimestahili zaidi ya moja. Badala yake akauliza, "Sasa?"

"Sasa upone kwanza. Halafu tunyoe, tuanze upya."

"Oya, sitaki!" Aliketi kwa nguvu hata muuguzi akageuka. "Ninyolewe watu waulize nani amekufa? Na Shamimu anaolewa mwaka huu? We ndo uliniingiza, we ndo utanitoa. Na si pale saluni. Nyumbani kwangu."

Ndivyo nilivyopata kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na sasa nisikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndipo swali lenu lilipo.

Rangi haitoi rangi. Ukipaka nyepesi juu ya nyeusi, unamwaga maziwa kwenye masizi. Lazima nyeusi ing'olewe kwanza, na kinachong'oa ni dawa ya kung'arisha, ambayo haichagui: inang'oa rangi na inang'oa nguvu ya unywele pamoja. Kwa hiyo swali la kwanza si atakuwa na rangi gani, bali unywele huu unabeba kiasi gani. Ulowanishe mmoja, uuvute kidogo. Ukirefuka ukarudi, uko hai. Ukirefuka ukabaki hivyo hivyo kama uzi wa utambi, mwambie mwenye kichwa ukweli na uende nyumbani.

Wa Mama Shamimu ulirudi. Hata hivyo tulingoja miezi miwili, mpaka ngozi ikapona kabisa na muuguzi akaikagua; mumewe aliporudi katikati alijifunga kilemba usiku na mchana, akidai kichwa kinamuuma. Katika miezi hiyo nilimkataza dawa ya kunyoosha, kwa sababu kunyoosha na kung'arisha ndani ya msimu mmoja ni kuomba nywele zibaki kwenye kitana. Nilimpaka dawa yangu kidogo sana kwenye kiwiko kwa ndani, nikaiosha, tukangoja siku mbili. Kiwiko hakikusema kitu. Kisha nilikata kishungi nyuma ya kichwa, nikakitumbukiza kwenye glasi yenye mchanganyiko, nikaishika glasi kwa kiganja. Baadhi ya hizi pakiti za soko zina madini ndani yake, na zikikutana na oksijeni glasi inapata moto mkononi. Ikipata moto, mwaga, acha kabisa. Yetu ilibaki baridi.

Jambo lililotuokoa ni hili: mizizi iliyokuwa ikiota ilikuwa nyeupe. Haikuhitaji dawa hata tone. Kwa hiyo sikulazimika kugusa ngozi. Nilipaka mafuta mazito kwenye ngozi, juu ya nyeupe yote na ule utepe wa karoti, nikaanza dawa pale nyeusi inapoanza, nikashuka nayo.

Jumapili ya kwanza nilitoka misa ya asubuhi nikaenda moja kwa moja kwao. Uani, nyuma ya jiko, nilikuta bidoni nane zimejaa, zimepangwa mstari.

"Ulisema sita," Mama Shamimu alisema. "Mi nikaweka nane. Mi sikuamini tena."

Oksijeni nilitumia ile dhaifu. Ile kali inapendwa na wenye haraka, na wenye haraka ndio wanaonunua perike. Nilimgawanya kichwa sehemu nne, nikapaka kishungi kwa kishungi, ncha kwanza, nikawa nafuta na kutazama kila baada ya dakika tano. Nyeusi iligeuka rangi ya tofali lililotoka tanuruni. Hapo nikaacha. Alijitazama kwenye kioo kidogo akabetua mdomo.

"Skola, hii ni rangi ya ukuta."

"Ni rangi ya leo."

Wiki tatu tulimpumzisha. Kila Ijumaa alijipaka ivoka, yaani parachichi, lililopondwa na mafuta ya mawese. Wengine wanaapa kwamba linatibu, mimi naapa tu kwamba halidhuru na kwamba kuku wa nyumba ile walinenepa. Jumapili ya pili ya kazi tulifika rangi ya papai. Hapo ndipo mumewe aliporudi.

Hakuwa anategemewa siku ile. Nilikuwa namalizia kumsuuza kwa bidoni ya tano tuliposikia mlango wa mbele na sauti ya kiume ikiuliza watu wako wapi. Mama Shamimu alinyakua taulo, lakini taulo lilikuwa chini yangu. Baba Shamimu akatokea mlangoni mwa ua na begi begani. Akamwona mkewe ameinama kwenye beseni, mizizi nyeupe, mengine yote papai.

Mimi nilisema nakwenda kuchota maji, japo bidoni tatu zilikuwa bado zimejaa. Nilisimama nyuma ya jiko. Nilimsikia Mama Shamimu akianza kueleza mbio mbio, mvi, piko, sindano, kila kitu, kama mtu anayetapika. Alipomaliza mumewe akauliza, "Miaka yote hii?"

"Ego. Miaka yote."

"Mais, juu ya nini haukuniambia? Mi nilifikiri ni mi peke yangu nazeeka hapa nyumbani."

Nikasikia begi likiwekwa chini. Kisha akauliza kama kuna chai. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye bidoni iliyogeuzwa, akamtazama mkewe kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoacha kukitafuta, na akaniuliza mimi, kwa adabu kabisa, ile rangi ya papai itakaa muda gani.

"Wiki tatu, Baba Shamimu."

"Bon," alisema. "Nitavumilia."

Jumapili ya tatu ilitufikisha kwenye rangi ya sukari guru, lakini yenye uchungwa unaopiga macho. Kwa mteja mwingine ningezima uchungwa ule kwa rangi nyepesi. Kwake haikuwezekana, dawa ni ile ile. Nilichemsha kahawa yetu nzito, nikaiacha ipoe, nikaijaribu kiwikoni kama vingine vyote, nikamsuuzia nayo nywele na kumfunga nusu saa. Kahawa haidumu, inaondoka na kuosha mara mbili tatu. Ila inatuliza uchungwa, na Muyinga haikosi kahawa. Ncha za mwisho kabisa, upana wa vidole viwili, ziligoma. Zilikuwa zimekunywa piko miaka mingi mno. Alitaka mara ya nne nikakataa, zingekatikia mkononi. Pia nilimwonyesha pale nyeupe iliyojikunja inapokutana na kahawia iliyonyooshwa. Hapo ndipo unywele huvunjika, na hapo vidole hupita kwanza kabla ya kitana.

Harusi ya Shamimu ilifika. Siku moja kabla yake, baada ya adhuhuri, wanawake tulikusanyika kwao kwa ajili ya hina, chumba kimejaa, mitandio imeshushwa mabegani, ngoma inapigwa. Mama Shamimu peke yake ndiye aliyefunga mtandio wake mpaka kwenye nyusi, akipita na sinia la sambusa. Mumewe na watoto walijua. Mji haukujua.

Fundi wa hina, mama mmoja aliyetoka Gitega, alikuwa amemaliza kuchora mkono mmoja wa Shamimu kwa hina tupu. Kwa mkono wa pili akafungua pakiti ndogo, akaimimina kwenye kibakuli. Mimi nilikuwa mbali, nimeshika vikombe. Mama Shamimu aliiona kwanza.

"Iyo ni nini?"

"Piko kidogo tu, mama. Tuongeze maua meusi, yaonekane kwenye picha."

"Toa."

"Mama!" Shamimu alisema. "Mi ndo nimemwambia. Nataka nyeusi. Wote wanachoraga nyeusi."

"Nimesema toa."

"Juu ya nini unaniharibia siku yangu?"

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Mama Shamimu aliliweka sinia sakafuni. Akafungua pini moja, akafungua ya pili, akauvua mtandio mbele ya wanawake wote wa Muyinga anaowauzia vitenge. Nyeupe vidole vitatu, kahawia, kisha zile ncha nyeusi za vidole viwili mwishoni. Wifi yake mkubwa, Mama Amina, aliyewahi kusema mbele yangu kwamba Mama Shamimu anajiona msichana, alishika mdomo.

"Yoo! Wifi, nini ilikupata?"

"Iyo," alisema, akionyesha kibakuli. "Iyo ilinifunga macho. Muuguzi alisema siku ingine itanifunga koo. Wengine inawaacha, wengine haiwaache. Huyu ni mtoto wangu, mi sijui yeye ni wa wapi kati ya hao. Sitaki kujua kesho mbele ya shehe." Kisha akanigeukia. "Muulizeni Skola. Yeye ndo alikuwa ananipaka."

Macho yote yakaja kwangu. Nilikuwa na vikombe sita mkononi na sikuwa na pa kuviweka. Nusu ya vichwa vile nilikuwa nimevipaka mimi.

"Ni kweli," nikasema. "Alijikuna miaka miwili nikamwambia ni kawaida. Haikuwa kawaida. Na baadhi yenu nimewaambia hivyo hivyo. Anayewashwa asipake tena, aje nimwangalie, na asiponiamini aende kwa muuguzi. Sitamlaumu."

Karibu na dirisha nikamwona mama mmoja akipeleka kidole nyuma ya sikio, taratibu, kama anayetafuta hereni.

Fundi wa hina hakubishana. Alitoka na kibakuli akakimwaga kwenye shimo la taka, akanawa mikono, akarudi kuchora mkono wa pili kwa hina tupu. Shamimu alinuna mpaka mchoro ukakauka. Mama yake hakumbembeleza. Aliokota sinia, akaendelea kugawa sambusa, kichwa wazi, na ngoma ikaanza tena, kwanza kwa woga, kisha sawasawa. Kesho yake hina ilikuwa imeiva ikawa nyekundu ya kuelekea weusi, na bibi harusi alikuwa akiwaonyesha watu mikono yake mwenyewe bila kuombwa.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya soko na saluni ilijaa. Wengine walikuja kuniuliza, wengine kunigombeza. Mmoja alinitaja kwa jina baya kwa sauti, na sikumjibu kwa sababu alikuwa na vidonda kichwani. Mama Shamimu akaingia katikati ya hayo yote, akakaa kwenye kiti kilichoelekea kioo kikubwa, akavua mtandio.

"Kata iyo nyeusi."

Nikachukua mkasi. Vile vidole viwili vya mwisho vilianguka sakafuni kishungi baada ya kishungi, naye akiwa anatazama kiooni bila kupepesa. Iliyobaki ilikuwa nyeupe na kahawia; nyeupe ikajikunja yenyewe nilipoilowanisha, ikaivuta na kahawia, ikakaa kichwani kama imezaliwa hapo. Alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia. "Bon," alisema, akafunga mtandio wake akarudi kwenye vitenge.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja wa Gashoho aliyekuja na pakiti yake ya piko mkononi ili nimpake kabla hajapanda mlima. Alikuwa ameona yote. Aliinuka, nikadhani anaondoka.

"Yule," akaniuliza, "ilimchukua muda gani?"

"Miezi saba."

Akaitazama pakiti, akaitia kwenye kikapu chini ya mihogo, akaja akakaa kitini.